Kiti cha Asiyekuwepo

Mdomo unadanganya, hata machozi yanadanganya, lakini makalio hayajui uongo. Hayo yalikuwa maneno ya Fundi, mwanamke aliyekuwa akitengeneza viti na makochi katika karakana iliyopakana na vyumba alivyoishi na mama yake. Wateja walicheka kila alipoyasema, ila hawakucheka sana, kwa sababu aliwathibitishia papo hapo. Aliweka kiganja juu ya kochi lililoletwa, akabonyeza hapa na pale, kisha akamgeukia mwenyewe, mume aliyekuja na mkewe: "Nyumbani kwako kuna mtu anakaa ukingoni kama mgeni. Kuna mwingine anakunja mguu mmoja na kuukalia. Na hapa katikati hapakai mtu kabisa. Mna nini nyinyi?" Mke na mume wakabaki kutazama dari.

Makalio aliyoyajua kuliko yote yalikuwa ya mdogo wake. Huyo walimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo: utotoni aliteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki, akavunjika nyonga ya kulia, na tangu siku hiyo alikaa kwa kuegemea kushoto. Kila kiti alichokizoea kilibonyea upande huo, mpaka Fundi akawa anamfukuza karakanani kwa ubao wa kupimia. "Utanimalizia sponji za watu, we mtoto!" Breki anacheka, anahamia kiti kingine, anakikalia vilevile.

Kisha Breki akapata kazi ya udereva ughaibuni, katika nchi ambayo watu wake husema Kiarabu. Mwanzo alipiga simu kila wiki, halafu mara moja moja, halafu kimya. Kimya hicho kilikuwa kimeingia mwaka wa tatu. Fundi alikuwa na namba moja tu, ya kampuni iliyomwajiri, na kila alipoipiga mwanamume mmoja alipokea, akamwaga Kiarabu mfululizo kama anayemwaga kokoto, akakata.

Mama yao alikuwa mtu wa miguu mibovu na masikio mazima. Kutwa alikaa chumbani, kiti chake kimegusa ukuta wa mbao uliotenganisha chumba na karakana, na hakuna kilichompita. Kila jioni Fundi akiingia, kabla hajavua aproni, swali lilikuwa lile lile: "Mwanangu kapiga?" Sio umeshindaje, sio umechoka, sio umekula nini. Fundi alikuwa ameshazoea, au alijidanganya hivyo. Aliyepo haulizwi, alijiambia, na akaenda kumpashia mama maji ya kukanda miguu.

Mwalimu aliingia maishani mwao na lori la viti. Alikuwa mama wa makamo, mkavu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na alizungumza kama anayesahihisha. Viti vyake vilikuwa vya mbao nzuri ila vitambaa vilikuwa vimekwisha. Alipomwona Fundi akitazama kibao cha darasa kilichokuwa juu ya mzigo, chenye maandishi ya Kiarabu, alisema, "Nasomesha vitenzi. Vitenzi tu. Maneno mengine utayaokota njiani, lakini kitenzi ndicho kinachomtoa mtu hapa kikampeleka pale."

Fundi hakufikiri mara mbili. Wakakubaliana hapo hapo: yeye atavivisha viti upya, na mpaka kazi iishe Mwalimu atakuja kila alasiri kumsomesha humo humo karakanani. Alichotaka Fundi kilikuwa kidogo tu. Alitaka kupiga ile namba na kuuliza: alikwenda wapi, alitoka lini, nani alimwona.

Siku ya kwanza Mwalimu alipanga viti mwenyewe, wala hakutaka kusaidiwa. Sita alivielekeza ukutani. Sita vingine akaviweka katikati ya chumba, vimewatazama wao. Kimoja, chembamba kuliko vyote, akakiweka peke yake karibu na mlango.

"Hawa wa ukutani ni wasiokuwepo," alisema. "Yeye mwanamume, wao wawili, wao wengi. Halafu yeye mwanamke, wao wawili, wao wengi. Waarabu wanawahesabu watu wawili peke yao, wasije wakasingiziwa kuwa kundi. Wamekupa kisogo kwa sababu hawapo. Hawa wa katikati ndio unaosema nao, kwa mpango huo huo. Na hiki cha mlangoni ni mimi."

"Wewe, Mwalimu?"

"Mimi. Yeyote anayesema mimi. 'Sisi' haina kiti, ukifika hapo unazungusha mkono tu. Sasa sikiliza. Unaanzia ukutani, unagusa kiti, unasema, unasogea. Na nina masharti mawili. La kwanza, kwenye viti vya wasiokuwepo usimkalishe mtu unayemjua. Vikae vitupu, hata kichwani mwako. La pili, ukifika kwenye mimi, kaa kwanza ndipo useme. Usiseme umesimama."

"Kuna nini nikisema nimesimama?"

"Kiti kile kina nafasi ya mtu mmoja," alisema Mwalimu, akavaa miwani. "Akikuwahi mwingine, wewe utakaa wapi?"

Fundi aliona ni mbwembwe za walimu. Kila fundi ana za kwake, hata yeye alikuwa hakubali mtu apige mluzi wakati anakata kitambaa. Akagusa kiti cha kwanza, akasema baada ya Mwalimu: dhahaba, alikwenda. Dhahabat, alikwenda mwanamke. Dhahabta, ulikwenda. Akafika mlangoni, akakaa kwenye kiti chembamba kilichombana mapajani, akasema dhahabtu, nilikwenda. Nyuma ya ukuta wa mbao mama yake alikuwa akirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayefuata wimbo wa redio ya jirani.

Kujifunza ukubwani ni adhabu. Maneno yalimtoka kichwani kama misumari midogo inayomwagika sakafuni. Akiokota huu, ule umeviringika chini ya meza. Alichanganya wawili na wengi, wanaume na wanawake, na Mwalimu hakuwa na huruma. Siku zilikwenda, kitenzi ni kile kile kimoja, Fundi anatoka jasho. Mtu anayejua kazi yake vizuri huumia sana akirudishwa kuwa mjinga, na Fundi aliumia.

Ndipo alipovunja sharti la kwanza. Hakuona kama ni kosa kubwa. Alasiri moja, Mwalimu akiwa ameinama kufuta kibao, Fundi alisimama nyuma ya kiti cha kwanza cha ukutani, akamkalisha Breki. Alimweka pale kichwani mwake tu: shati lake la mistari, kisogo chake kilichonyolewa vibaya, bega la kushoto limeshuka. Dhahaba, alikwenda. Na kwa sababu kweli alikwenda, neno lilitulia. Mengine yote yakafuata moja baada ya jingine, bila kukosea, hadi mlangoni. Mwalimu aligeuka na chaki mkononi, akamtazama kwa muda mrefu kuliko sifa inavyohitaji.

"Leo umekula nini?" alisema.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuta kiti cha kwanza kimebonyea upande wa kushoto.

Alikuwa amekivisha mwenyewe juzi yake, kwa sponji ngumu, ile isiyobonyea hata ukiiruka. Alimtukana muuza sponji na ukoo wake, akafungua kitambaa, akaweka nyingine, akashona. Siku iliyofuata kushoto kumebonyea tena. Akaweka kiganja. Palikuwa na joto. Si joto la jua, maana dirisha lilikuwa upande mwingine; lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Nywele zilimsimama mpaka za mikononi.

Wangekuwa wengine wangepiga kelele. Yeye aliketi sakafuni, akalia kwa furaha, kisha akaona aibu, kisha akaendelea kulia.

Hakumwambia mtu. Mwalimu alipomletea kitenzi cha pili, shariba, alikunywa, Fundi alikitamka akiwa na kikombe cha chai amekisahau kwenye sakafu karibu na viti vya ukutani. Baada ya somo alikikuta kikombe kitupu, kimefunikwa kifudifudi. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyefanya hivyo. Breki ndiye aliyefunika kikombe akimaliza, kwa sababu mama yao alikuwa na tabia ya kuongeza chai bila kuuliza.

"Nani anakohoa huko?" mama aliuliza kutoka nyuma ya ukuta.

"Ni mashine, mama."

"Mashine yako ina kifua kama cha mdogo wako," alisema mama.

Basi Fundi akawa mwanafunzi hodari. Alifanya mazoezi asubuhi kabla ya wateja na mchana wateja wakienda kula. "Alikaa", "alifungua", "alisikia": kila kitenzi alimpitishia Breki, na kila mara ule mbonyeo wa kushoto ulizidi kuingia ndani. Halafu siku moja kiti cha kwanza kilikuwa kimenyooka kama kipya, na mbonyeo ulikuwa umehamia kiti cha katikati, cha wewe. Vumbi la sponji alizokata asubuhi lilikuwa limetua juu ya viti vyote vya chumba, vyote kabisa, isipokuwa hicho. Fundi alivuta kigoda akakaa mbele yake, goti kwa goti na hewa. "Umekonda," alisema, ingawa hakuona kitu. Aliogopa sana. Lakini hofu yake ilikuwa hofu ya kumgutusha Breki, asije akaondoka tena.

Alasiri hiyo Mwalimu hakufika hata kwenye kibao. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akanusa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti akaweka kiganja. Alikirudisha haraka.

"Umemkalisha nani?"

"Mwalimu, mimi..."

"Nimekuuliza nani."

"Mdogo wangu."

Mwalimu aliketi juu ya meza ya kukatia vitambaa, jambo ambalo Fundi hakumruhusu mtu. "Darasa langu la kwanza lilikuwa la watu watatu," alisema Mwalimu. "Walianza watatu, wakamaliza watatu. Ila hawakuwa wale wale watatu. Mwalimu wetu hakugundua mpaka alipoita majina."

"Mwalimu wenu? Kumbe na wewe ulikuwa mmoja wao?"

"Nilikuwa mmoja wao."

"Wa waliobaki au wa waliokuja?"

Mwalimu alishuka mezani, akatafuta miwani ambayo ilikuwa kifuani pake. "Keshokutwa naleta lori," alisema. "Navichukua hivi hivi, vilivyokwisha na visivyokwisha. Ukinipenda, ukijipenda, usivisemeshe tena. Kutoka ukutani mpaka hapa katikati, huyo anatembea kwa nguvu yako. Kutoka hapa mpaka pale mlangoni kuna hatua moja, na pale pana mtu mmoja tu."

Usiku Fundi aligeuka huku na huku hadi kukakucha. Asubuhi alipiga moyo konde, akachukua simu, akaipiga ile namba. Mwanamume yule alipokea, akaanza kumwaga kokoto zake. Safari hii Fundi alimkatiza. Aliuliza polepole, kitenzi kimoja kimoja, akitaja jina halisi la mdogo wake: alikwenda wapi? Alitoka? Nani alimwona?

Mwanamume alipojibu alisema taratibu, kwa sauti ya mtu mzima anayemwonea huruma mwenzake, na Fundi alielewa kila neno. Alitoka na gari, alisema. Gari lilirudi. Yeye hakurudi.

Miezi yote ile alikuwa ameomba siku ya kumwelewa mtu yule. Alipomwelewa alitamani kokoto zirudi.

"Wamesemaje?" mama aliuliza nyuma ya ukuta.

Fundi aliiweka simu mezani. Angeweza kusema kweli, na pengine ndivyo ilivyompasa. Lakini alisikia kiti cha mama kikilia, akajua mama amejiinua kidogo, roho juu, anangoja.

"Wamesema anarudi, mama."

"Lini?"

"Leo."

Lilimtoka hivyo, na likishatoka halikuwa na pa kurudishwa. Nyuma ya ukuta mama alianza kulia kwa kwikwi ndogondogo, kisha akaanza kumshukuru Mungu, kisha akauliza kama kuna shuka safi. Fundi alitazama viti. Lori la Mwalimu lilikuwa linakuja kesho. Kilichobaki ni leo.

Alikaa akawaza kama fundi, na hapo ndipo alipokosea, maana mtu huwaza kwa alichonacho. Mwalimu alisema kiti cha mimi kina nafasi ya mtu mmoja. Sawa, ni kweli, kilikuwa chembamba, hata yeye kilimbana. Lakini mteja akija na kiti cha mtu mmoja na anataka wakae wawili, Fundi humwambia haiwezekani? Hajawahi. Nafasi ni mbao, sponji na kitambaa tu. Akafunga mlango wa mbele, akakivunja kile kiti.

Alifanya kazi mpaka baada ya adhuhuri bila kunywa maji. Alikata mbao, akaunga fremu, akapiga mikanda ya kubebea sponji, akaijaribu kwa ngumi. Upande wa kushoto aliweka sponji laini, kwa ajili ya nyonga. Upande wa kulia aliweka ngumu, kwa ajili yake mwenyewe. Akavisha kitambaa cha kahawia kizuri alichokuwa amekiweka akiba miaka na miaka kwa ajili ya kochi lao wenyewe. Alipomaliza kilikuwa kiti cha watu wawili, kizuri, hakina kasoro, na aliona fahari. Hakuna mwalimu aliyewahi kumshinda fundi kwa viti, alijisemea.

Kitenzi alikuwa nacho tayari. Mwalimu hakuwahi kumfundisha, ila yule bwana wa simu alikuwa amemwachia: alirudi.

Akamwomba radhi mdogo wake kwa kumrudisha nyuma, akaanza ukutani. "Raja'a," alisema kwenye kiti cha kwanza, na karakana nzima ikawa kimya. Hata gari zilizokuwa zikipita barabarani hakuzisikia. Akapita wawili, akapita wengi, akagusa kiti cha yeye mwanamke, akasema "raja'at," bila kumfikiria yeyote. Akavuka katikati. "Raja'ta," ulirudi, na kitambaa cha kiti cha wewe kikainuka taratibu mbele ya macho yake, kama kinavyoinuka mtu anapoondoka. Hatua ikalia sakafuni. Moja nzito, moja nyepesi, mwendo wa mtu mwenye nyonga mbovu.

Fundi alifika mlangoni. Alikumbuka sharti, akalitii: alikaa kwanza, upande wake wa kulia. Kushoto kwake sponji laini ikabonyea. Bega likagusa bega, lenye joto, lenye harufu ya oili ya injini na sabuni ya kufulia. Hakugeuka kutazama. Alifumba macho, akacheka kwa sauti, na akasema.

"Raja'tu." Nilirudi.

Walisema pamoja, yeye na sauti nzito ya kiume pembeni yake, neno moja kwa pumzi moja. Na sauti iliyomalizia haikuwa yake.

Alisikia mlango wa ndani ukifunguliwa na miguu ya mama ikijikokota, miguu ambayo haikuwa imefika karakanani kwa mwaka mzima. Alisikia mama akipiga ukelele, "Mwanangu! Mwanangu jamani!" na kitambaa kipya kikilalama chini ya uzito wa watu wanaokumbatiana. Fundi alifumbua macho aone furaha aliyoileta.

Aliona ukuta.

Ukuta wa mbao, karibu kiasi cha kuhesabu nyufa zake. Alitaka kugeuza shingo, shingo haikuwa na habari naye. Alitaka kusema, mama, ni mimi niliyemleta. Mdomo ulikuwepo, ila neno "mimi" halikuwemo tena ndani yake. Alilitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni. Chini yake alihisi sponji ngumu ya kiti alichokivisha kwa mikono yake, cha nne kutoka mwanzo. Cha yeye mwanamke.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi, baba?" mama alimuuliza mwanawe.

"Nilikuwa nimekaa tu, mama," alisema Breki. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. "Nimekaa. Naangalia ukuta."

"Na dada yako je? Dada yako yuko wapi? Alikuwa hapa sasa hivi, nimemsikia."

"Sijui, mama. Sikukuta mtu."

Walikwenda ndani. Shuka safi zikatandikwa, kikombe kikasikika kikifunikwa kifudifudi juu ya meza. Fundi aliwasikiliza kupitia ukuta kama mama alivyokuwa akimsikiliza yeye. Alingoja. Alijua mama atafurahi kiasi cha kusahau, na hakumlaumu, ila moyo ulimuuma hivyo hivyo. Jioni ilipoingia, saa ile ambayo yeye huvua aproni, mama aliuliza.

"Mwanangu karudi?"

"Mimi hapa, mama," alisema Breki.

"Si wewe," alisema mama. "Mwanangu."

Kesho yake lori lilisimama nje. Mwalimu aliingia, na Fundi alisikia viatu vyake vikisita mbele ya kiti cha watu wawili. "Amekipanua," alisema Mwalimu polepole. "Ewe Mola, amekipanua." Viatu vikaenda kwenye viti vya ukutani, kiganja chake kikapita juu ya kila kiti, kimoja baada ya kingine. Kilipofika cha nne kilitua juu ya mapaja ya Fundi, wala hakikuhisi mtu.

"Niache nishike mimi," alisema mama. Alikuwa amekuja akiegemea fimbo ya ufagio. "Mimi ndiye niliyemzaa fundi."

Mama akabonyeza. Hakubonyeza nyuma, wala katikati. Aliona upesi kuwa sponji ilikuwa imeshuka ukingoni tu, kwa mbele kabisa, pale anapokaa mtu asiyekaa akatulia, mtu anayesikiliza kama ameitwa.

"Mtoto huyu hakuwahi kukaa kiti kizima maishani mwake," alisema. "Nilikuwa simwachi. Maji, mwanangu. Dawa, mwanangu. Miguu, mwanangu." Alipangusa uso kwa upindo wa kanga. "Mwalimu, mwambie mtu wa lori aondoke. Viti vinabaki."

"Mama, huwezi. Hujui maneno."

"Nani kakwambia? Umesomesha miezi yote hii nyuma ya ukuta wangu. Na masharti yako pia nimeyasikia."

Fundi alielewa kabla Mwalimu hajaelewa. Alitaka kupiga kelele, usithubutu, mama, niache hapa hapa, ukuta si mbaya, nimeshauzoea. Hakuna kilichotoka. Mkono wa mama ukashika kiegemeo cha kiti chake.

"Raja'at," alisema mama, kwa lafudhi mbaya kuliko zote zilizowahi kusikika katika chumba kile. Alirudi.

Hatua zake zikaburuzika kwenda katikati. "Raja'ti," ulirudi, na ukuta ukaondoka machoni pa Fundi, akawa anamtazama mama yake uso kwa uso. Mama hakumwona, ila alitabasamu kuelekea pale pale alipo, kama mtu anayejua mlango ulipo hata taa ikizimika. Nyuma yake Mwalimu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akageuka, akaenda mlangoni, akamkuta Breki ameketi kwenye kiti cha kahawia, ameegemea kushoto.

"Inuka, baba, nipishe," alisema. Breki aliinuka. Mama alikitazama kiti kile kizuri, akapitisha kidole kwenye mshono, na akatikisa kichwa kwa fahari ya mzazi. Hakukaa, ili mwanawe aiwahi nafasi ile, yeye abaki na ya ukutani. Mwanamke yule ambaye hakuwa akiweza kusimama hata kwa muda wa kuchemsha chai alitupa fimbo ya ufagio, akasimama wima kando ya kiti, kiganja juu ya mgongo wake.

"Nimekaa vya kutosha," alisema. "Njoo mwanangu. Ni wewe ninayekuita."

Fundi alijiambia asiende. Alijikaza kwa roho yake yote, akajaribu kujirudisha nyuma kitini, akae kizima kwa mara ya kwanza, awe mzito, asiitike. Lakini alikuwa ameitwa na mama yake, na mwili wake tangu utotoni ulijua kitu kimoja tu cha kufanya ukiitwa. Ulikuwa umeshasogea ukingoni. Ulikuwa umeshainamia mbele.